Joka la Maji kwenye Ngozi Nyeusi

Kijana wa Moshi akirudi nyumbani na tatuu ya joka begani, huulizwa kwa nini amejichora shetani. Wanaouliza wana sababu. Kwa Mkristo wa Kilema au Machame, joka ni lile jekundu la Ufunuo sura ya 12, lenye vichwa saba na pembe kumi, lililopigana na Mikaeli. Ulaya nayo ililichora likitema moto na kulalia dhahabu, na picha za Mtakatifu George akilichoma mkuki zimeenea hadi Ethiopia.

Lakini joka linalochorwa sana miilini limetoka China na Japani. Aghalabu halina mabawa, na kazi yake ni maji: hutawala mito, bahari na mawingu, na ukame ulipozidi wakulima wa China waliliomba mvua. Hesabu makucha ya kila mguu wake. Lenye matano lilikuwa la mfalme wa China. La Japani kwa kawaida lina matatu. Huko Japani, tatuu za majoka zilipata nguvu baada ya Utagawa Kuniyoshi kuanza, mwaka 1827, kuchapisha picha za mashujaa waliochorwa mwili mzima. Serikali ya Japani ilipiga marufuku tatuu mwaka 1872, na katazo hilo likaondoka mwaka 1948.

Mzee wa Kichaga aliyezibua mfongo, yaani mfereji wa maji, alfajiri na kugombea zamu ya maji ili kihamba chake, shamba la nyumbani, kisikauke, hahitaji kuelezwa sana kwa nini mtu aheshimu kiumbe kinacholeta mvua.

Shida ni kwamba maji hayo, yaani mawimbi na mawingu yanayochorwa kulizunguka joka, ndiyo yanayopotea kwanza kwenye ngozi yetu nyeusi. Wino hukaa katika tabaka la pili la ngozi, ambako seli za kinga huumeza na kubaki nao. Melanini iko tabaka la juu, kwa hiyo tunauona wino kupitia rangi yetu wenyewe. Njano na samawati hafifu humezwa. Mchoraji akinakili picha ya kwenye simu jinsi ilivyo, mawimbi na mawingu hayaonekani. Hubaki joka tupu, na bibi yako nyumbani ana haki ya kuona lile la Ufunuo.

Wamakonde walilielewa jambo hili zamani: walichanja mistari mipana na kupaka unga wa mkaa. Fanya vivyo hivyo. Taka wino mweusi, mawimbi makubwa, na ngozi iachwe wazi kati ya magamba, kwa sababu wino hutanuka kadiri miaka inavyopita na magamba madogo huungana.

Kuna wasiopaswa kuchorwa kabisa. Ikiwa kovu lako la chanjo au la kutoboa sikio liliwahi kuvimba na kutambaa kupita jeraha, sindano inaweza kukuletea kovu la namna hiyo, hasa begani na kifuani. Waulize kwanza wataalamu wa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992. Na sindano mpya ifunguliwe mbele ya macho yako, maana homa ya ini na VVU huweza kupitia sindano iliyokwisha kutumika.