Uvimbe wa kibofu ukikutwa mkubwa

Huku Nanyamba, mkoani Mtwara, na kwenye mabonde yanayoteremka hadi mto Ruvuma, mkojo wa damu haumshtui mtu: ni kichocho, mtoto anapewa prazikwanteli shuleni, yanaisha. Mazoea hayo humponza mtu mzima. Dawa huua minyoo, lakini makovu ya mayai yaliyonasa kwa miaka katika ukuta wa kibofu hubaki, na humo huweza kuzaliwa saratani. Tangu 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limemweka mnyoo wa kichocho hiki miongoni mwa visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Basi aliyevuka miaka 40, akameza dozi na bado anakojoa damu, hata bila maumivu, asiongezewe dozi nyingine kabla kibofu chake hakijatazamwa.

Wengi hufika hospitali uvimbe umeshaingia kwenye msuli wa kibofu, na hapo wanaambiwa wamechelewa. Naona kauli hiyo hutolewa haraka mno. Madaktari wa Misri, waliotibu ugonjwa huu kwa miongo mingi, walibaini kwamba saratani ya kichocho, ambayo mara nyingi ni ya seli bapa, hukua sana palepale kibofuni lakini hukawia kusambaa mbali. Mgonjwa huweza kufa kwa figo zilizozibwa, damu na maambukizi, mapafu yakiwa safi. Kwa hiyo ukubwa wa uvimbe peke yake si hukumu. Ultrasaundi huonyesha uvimbe na figo zilizojaa maji, ila haisemi ni saratani ya aina gani, na hata ikitoka safi shaka haiishi. Jibu hutoka kwenye kamera inayopitishwa njia ya mkojo, kinyama kinachopimwa maabara, na CT ya kifua na tumbo.

Mtu atauliza: mkulima asafirishwe zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam, korosho hazijauzwa, kwa ajili ya kinyama? Swali ni la haki, na kinachoweza kufanyika Mtwara kifanyike Mtwara. Lakini kinyama hicho ndicho kinachochagua tiba. Dawa ya sisplatini ikitolewa kabla ya upasuaji hurefusha maisha katika saratani ya seli za utando wa njia ya mkojo. Kwa seli bapa ushahidi ni hafifu, na tegemeo ni kuondoa kibofu. Mchanganyiko wa dawa za enfortumab vedotin na pembrolizumab, ambao mwaka 2023 ulionekana kurefusha maisha karibu maradufu, nao ulijaribiwa kwa aina hiyo ya utando. Familia kuuza mikorosho ili kuufuata bila kujua aina ya saratani ni kuonewa.

Wapo wasemao heri kufa kuliko kuondolewa kibofu na kuvaa mfuko wa mkojo tumboni. Uamuzi ni wa mgonjwa, ila aelezwe pia kwamba kibofu chenye uvimbe kikiachwa huendelea kuvuja damu na kuuma usiku na mchana. Na saratani ikiwa kweli imesambaa, bado yapo ya kufanya: mionzi michache pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kupunguza damu, mrija wa kuzibua figo unapofaa, na morfini ya kunywa tangu maumivu yanapoanza.