Leseni ya Kudumu Hudumu Hadi Lini?

Anayelipia programu ya kuhariri picha hanunui programu yenyewe. Anachonunua ni leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kwa masharti ya mwenye hakimiliki.

Sharti linalosahaulika upesi ni la mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiongoza kompyuta, kama Windows, macOS au Linux. Kila mfumo una namna yake ya kufungua faili, kuonyesha dirisha na kugawa kumbukumbu, kwa hiyo programu iliyoundwa kwa mfumo mmoja kwa kawaida haifanyi kazi kwenye mwingine. Photoshop ya kwanza, ya mwaka 1990, ilikuwa ya Macintosh pekee. Watumiaji wa Windows walisubiri hadi toleo la 2.5, na wa Linux hawajapata lao hadi leo.

Kazi ya kuunda ikiwa mbili, leseni nazo huuzwa kila moja peke yake. Programu ya kuhariri picha ya Affinity Photo ilitoka kwa Mac mwaka 2015 na kwa Windows mwaka 2016, na aliyehama mfumo alinunua upya. Leseni moja ya kujumuisha Windows, macOS na iPad ilikuja na toleo la pili, mwaka 2022.

Adobe, kampuni yenye Photoshop, ilichukua njia nyingine. Tangu mwaka 2013, matoleo mapya ya Photoshop hutolewa kwa malipo ya mwezi au mwaka, na leseni hufungwa kwenye akaunti ya mtu. Mtu huyo anaweza kuiwasha kwenye kompyuta mbili, hata kama moja ni ya Windows na nyingine Mac, mradi asizitumie kwa wakati mmoja. Malipo yakikoma, ruhusa nayo hukoma.

Hapo ndipo wengi huitamani leseni ya kudumu ya zamani, ya kulipia mara moja, na tamaa hiyo inahitaji kupimwa. Photoshop CS6 ya mwaka 2012 iliuzwa kwa leseni ya namna hiyo. Oktoba 2019 Apple ilitoa macOS Catalina, ambayo haiendeshi programu za biti 32, na baadhi ya sehemu za CS6 zilikuwa za aina hiyo, zikiwemo za usakinishaji. Mkataba haukuvunjwa na leseni haikufutwa. Hata hivyo, aliyenunua Mac mpya alibaki na ruhusa halali ya programu asiyoweza kuisakinisha.

Njia ya tatu ni leseni ya GPL, inayotumiwa na programu ya kuhariri picha ya GIMP. Hiyo hutoa pia msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama waundaji walivyoyaandika, pamoja na haki ya kuyabadili na kuyasambaza. Mfumo endeshi ukibadilika, mwenye ujuzi anaweza kuirekebisha programu bila kuomba ruhusa. GIMP ilianzia kwenye Unix, na leo iko Linux, Windows na macOS. Ugumu wake uko kwenye faili za PSD, yaani za Photoshop: huzifungua, ila si kila tabaka na madoido huvuka salama. Studio inayopokea PSD kutoka kwa wateja itausikia ugumu huo kila siku.

Kwa hiyo naona swali la bei huulizwa mapema mno. Mpiga picha mwenye kumbukumbu za harusi za miaka mingi aulize kwanza ruhusa yake imefungwa kwa mtu, kwa mashine au kwa mfumo, na siku ikikoma atazifunguaje picha zake. Ningemshauri kila kazi iliyokamilika aihifadhi pia katika umbizo la faili la TIFF, pamoja na faili ghafi ya kamera, kwa kuwa TIFF husomwa na programu zote zilizotajwa hapa.