Ndege wahamaji watua uani Texas

Kila mwaka, kati ya mwezi Machi na Mei, mamilioni ya ndege waimbao hurejea Amerika ya Kaskazini kutoka Amerika ya Kati na ya Kusini. Wengi huondoka rasi ya Yucatan, Mexico, baada ya jua kutua, na kuivuka Ghuba ya Mexico kwa safari ya takriban kilomita 1,000 bila kupumzika. Hufika pwani ya Texas wakiwa wamechoka, na bustani za vitongoji vya Houston, Dallas na Fort Worth huwapatia chakula na maji.

Msikilizaji aliyezoea kwera na chozi atawatambuaje wageni hawa? Aanze na mdomo, wala si rangi. Mdomo mfupi na mnene ni wa mla mbegu. Ulio mwembamba ni wa mla wadudu, naye huonekana akirukaruka matawini bila kutulia.

Rangi huhadaa. Dume wa Indigo Bunting hung'aa kwa buluu juani, lakini kivulini huonekana karibu mweusi, kwani buluu hiyo hutokana na jinsi manyoya yanavyoutawanya mwanga. Jike wake ni wa hudhurungi, na ni rahisi kumdhania shomoro. Baltimore Oriole, dume mweusi mwenye kifua cha rangi ya chungwa, hahitaji kutafutwa sana: mtundikie nusu ya chungwa mtini.

Tangu mwaka 2021, programu ya simu iitwayo Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, huwatambua ndege kwa sauti. Hata hivyo ni vyema kuhakikisha kwa macho. Mockingbird, ndege rasmi wa jimbo la Texas, ni hodari wa kuiga nyimbo za wenzake.

Ndege hawa husafiri zaidi usiku, na taa za miji huwapoteza njia. Mapema mwezi Mei mwaka 2017, karibu ndege 400 walikufa kwa kuligonga jengo moja refu mjini Galveston. Utafiti wa Cornell wa mwaka 2019 uliitaja miji ya Chicago, Houston na Dallas kuwa ndiyo yenye mwanga wa hatari zaidi kwao. Kampeni ya Lights Out Texas huwaomba wakazi wazime taa zisizo za lazima kuanzia saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi, hasa kati ya tarehe 22 Aprili na 12 Mei, wakati msafara unapofikia kilele.