Galaksi na Punje ya Haragwe

Ndugu mkulima wa Kagerankanda, chukua punje moja ya haragwe. Itazame kwa ubavu. Ni ndefu. Sasa itazame kwa ncha. Ni karibu duara! Punje ni ile ile.

Wapimaji wa nyota wana shida hiyo. Mbali sana angani yako makundi makubwa ya nyota. Huitwa galaksi. Nyingine huonekana kama yai. Je, ni yai kweli? Haragwe unaligeuza mkononi. Galaksi haigeuzwi.

Wafanyeje? Mnunuzi hapimi gunia kwa punje moja. Mwaka 1926 Edwin Hubble wa Marekani alitazama galaksi nyingi pamoja, kwa kuwa kila moja imelala kivyake.

Tena hupima mwendo wa nyota. Zamani walidhani galaksi hizo zimebonyea kwa kuzunguka kasi. Mwaka 1975 Bertola na Capaccioli wa Italia walipima moja. Ilizunguka polepole mno!

Umbo likikosewa, hata uzito wa galaksi hukosewa. Ndiyo maana M87 ilipimwa upya. Majibu yalitoka mwaka 2023. Urefu, upana na unene wake vyote ni mbalimbali, kama haragwe lako.