Jino Lililong'oka Bado Li Hai

Katika shule niliyosoma, mlinda lango wetu alipigwa kiwiko cha mdomo katika mchezo wa Jumamosi alasiri, na jino lake moja la mbele, la juu, likang'oka zima pamoja na mzizi wake. Mwalimu wa zamu hakukaa bure. Aliliokota jino lile mchangani, akalisugua kwa brashi na sabuni mpaka likang'aa, akalikausha kwa kitambaa safi, akalifunga katika karatasi, kisha akampeleka kijana hospitalini. Daktari alilirudisha jino mahali pake, nasi sote tukafurahi. Lakini baada ya miaka michache mzizi wake ulikuwa umekwisha kuliwa, na jino likaanguka.

Mwalimu yule alitenda yote ambayo mtu mwenye huruma na mwenye kupenda usafi angeyatenda. Hata hivyo, usafi ule ule ndio uliolimaliza jino. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini ilikuwa hivyo, na ni yapi yampasayo kutenda mwalimu au mwanafunzi atakayekuwa karibu siku dharura ya meno itakapotokea. Maana katika dharura hizo tabibu wa kwanza si yule aliyevaa koti jeupe, bali ni yule aliyepo uwanjani.

Jino ni kiungo chenye uhai

Wengi wetu hulidhania jino kuwa kama kijiwe kilichochomekwa katika taya. Dhana hiyo inatokana na sehemu tunayoiona, yaani kichwa cha jino, ambacho kimefunikwa na enameli. Enameli ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Asilimia 96 hivi ya uzito wake ni madini. Lakini chini ya enameli iko dentini, na ndani ya dentini umo moyo wa jino wenye mishipa ya damu na ya fahamu. Anayetaka ushahidi kwamba jino li hai na amwulize aliyekesha akiuguza jino bovu.

Liko jambo jingine lisilojulikana sana. Mzizi wa jino haukugandamana na mfupa wa taya. Kati ya mzizi na mfupa upo utando mwembamba wa nyuzi, unene wake kama sehemu moja ya tano ya milimita. Nyuzi hizo zimeshika mzizi upande mmoja na mfupa upande wa pili, hata jino likaning'inia katika shimo lake mfano wa kitanda cha kamba kinavyombeba alalaye. Ndiyo maana tunapotafuna, jino hubonyea kidogo sana bila taya kuumia. Kati ya nyuzi hizo zimo seli hai, na kazi ya baadhi yake ni kuutengeneza upya utando wenyewe.

Jino linapong'oka kwa kishindo, utando huo hupasuka katikati. Nusu hubaki katika shimo la taya, na nusu hutoka ikiwa imeambatana na mzizi. Seli za nusu hiyo ya pili hazifi papo hapo. Zikirudishwa upesi mahali pake, nyuzi huungana tena kama kidonda kinavyofunga. Zikifa kwanza, mwili hauna tena kinga kati ya mzizi na mfupa. Mfupa hushikana na mzizi moja kwa moja na kuanza kuula polepole, kana kwamba nao ni mfupa mkuukuu unaofaa kubomolewa na kujengwa upya. Hayo ndiyo yaliyompata mlinda lango wetu. Brashi ilizikwangua seli, sabuni ikaziua, na ukavu wa karatasi ukamaliza zilizosalia.

Saa inayohesabika

Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Denmark, Jens Andreasen na Erik Hjørting-Hansen, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya meno 110 ya watu, yaliyong'oka kwa ajali na kurudishwa. Katika meno yaliyorudishwa kabla ya dakika 30 kupita, takriban 9 katika kila 10 hayakuonyesha dalili ya mzizi kuliwa. Katika yale yaliyokaa nje zaidi ya saa mbili, karibu yote yaliliwa. Uchunguzi uliofuata umethibitisha ya kwamba adui mkubwa si muda peke yake, bali ni ukavu: jino likikaa kavu kwa dakika 60, seli nyingi za mzizi huwa zimekufa.

Kwa hiyo tunalo swali la kisayansi: tuliweke jino katika kitu gani ili lisikauke? Jibu la haraka la watu wengi ni maji. Wanafunzi wa elimu ya viumbe watakumbuka osmosisi. Maji matupu hayana chumvi, ilhali ndani ya seli zimo chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka. Basi maji huingia katika seli kupitia utando wake, nayo huvimba hata ikapasuka.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani kwa kiazi mviringo kimoja. Kata vipande viwili vyembamba vyenye urefu wa sentimita 5 kila kimoja. Kimoja kitumbukize katika maji matupu, na kingine katika maji mililita 100 yaliyotiwa chumvi gramu 10. Baada ya saa mbili vipime na kuvikunja. Cha kwanza kitakuwa kigumu na pengine kimerefuka kidogo. Cha pili kitakuwa kimenywea na kulegea. Mwalimu na awaulize wanafunzi: ikiwa seli za kiazi, zenye kuta imara, hubadilika hivi, zitakuwaje seli za mzizi wa jino ambazo hazina kuta?

Maziwa hayana kasoro hiyo. Vitu vilivyoyeyuka ndani yake vinakaribiana kwa kiasi na vile vya majimaji ya mwili, na asidi yake ni kidogo, pH yake ikiwa kati ya 6.5 na 6.8. Aidha, hupatikana vijijini na mijini. Yanafaa maziwa freshi yaliyochemshwa yakapoa, na hata yale ya pakiti yanayodumu muda mrefu. Mtindi haufai, kwa sababu umechacha na asidi yake ni kali. Maji ya madafu yamejaribiwa katika maabara, lakini matokeo yamepingana, na yenyewe yana asidi. Tusiyategemee ikiwa maziwa yapo.

Yasipopatikana maziwa, yafaa maji ya chumvi yenye kipimo cha mwili, yaani gramu 9 za chumvi safi ya mezani katika lita moja ya maji yaliyochemshwa. Shule yenye mizani haishindwi kuyatayarisha katika chupa safi kabla ya michezo, mradi chombo kisiwe kimewahi kutiwa kemikali. Hayo nayo yakikosekana, majeruhi na ateme mate katika kikombe, na jino liwekwe humo. Maji matupu ni chaguo la mwisho, ingawa hata hayo ni afadhali kuliko ukavu.

Utaratibu wa kufuata

Kwanza, mwangalie mtu kabla ya jino. Ikiwa amezimia, anatapika, amechanganyikiwa au anavuja damu nyingi, mpeleke hospitalini mara moja, na jino lifuate katika maziwa. Ikiwa jino halionekani popote, daktari aelezwe, kwani huenda limevutwa katika njia ya hewa.

Pili, hakikisha kwamba ni jino la ukubwa. Meno ya mbele ya ukubwa huanza kuota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hadi 8. Jino la utoto lisirudishwe kamwe, kwa kuwa laweza kuliumiza jino changa lililo chini yake. Kwa jino hilo la utoto, desturi ya kulitupa juu ya paa haina ubaya. Jino la ukubwa halina mrithi.

Tatu, lishike jino kwa kichwa chake, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze taratibu kwa maziwa au maji ya chumvi; kama huna, kwa maji safi yanayotiririka, kwa sekunde zisizozidi 10. Usisugue, usitie sabuni wala spiriti, wala usilifute.

Nne, ikiwa majeruhi ana fahamu zake na anakubali, lirudishe jino shimoni pale pale. Upande uliobonyea kidogo uelekee ulimi. Lisukume kwa kidole polepole mpaka lilingane na jirani yake, kisha ang'ate leso safi ili lisitoke. Jambo hili latisha kulisikia, lakini maumivu yake ni madogo kuliko inavyodhaniwa, na hakuna dawa inayolizidi. Ukishindwa, usilazimishe, liweke katika maziwa.

Tano, nenda kwa daktari wa meno bila kuchelewa, na umweleze jino limeng'oka saa ngapi na limekaa katika kitu gani. Atapiga picha ya eksirei, atalifunga jino kwa waya mwembamba pamoja na majirani zake kwa muda wa majuma 2 hivi, na ataangalia kama chanjo ya pepopunda inahitajika. Ikiwa mzizi ulikwisha komaa, moyo wa jino hautafufuka. Utatolewa na nafasi yake kuzibwa. Katika mtoto ambaye mzizi wake haujafunga ncha, mishipa huweza kuota upya. Hata jino lililochelewa lifaa kurudishwa, kwa maana laweza kumfaa kijana miaka kadhaa, huku taya lake likiendelea kukua.

Dharura nyinginezo

Si kila tatizo la meno hupimwa kwa dakika. Jino likivunjika, tafuta kipande na ukihifadhi katika maziwa au maji, kwani mara nyingi huweza kugandishwa tena. Majeruhi aonwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Tundu lililong'olewa jino likiendelea kutoka damu, mgonjwa ang'ate kitambaa safi kilichokunjwa kwa dakika 20 mfululizo, bila kuchungulia wala kusukutua. Damu isipokoma, arudi hospitalini.

Maumivu ya jino yana dawa yetu ya jadi, nayo ni karafuu. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, kemikali yenye kufisha ganzi. Madaktari wenyewe huichanganya na oksidi ya zinki kupata kizibo cha muda. Lakini karafuu hunyamazisha tu, haiponyi, na mafuta yake makali huunguza ufizi. Vivyo hivyo kidonge cha aspirini kikiwekwa juu ya ufizi huuchoma. Maumivu yakikoma ghafla bila matibabu, tusishangilie: huenda moyo wa jino umekwisha kufa, na usaha unajikusanya chini ya mzizi.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, ingawa huanza kimya kimya. Usaha wa jino la chini, hasa la gego, waweza kupenya chini ya ulimi na kushuka shingoni. Daktari Wilhelm Friedrich von Ludwig wa Ujerumani alieleza hali hiyo mwaka 1836, na hata leo inaitwa kwa jina lake. Dalili zake ni uvimbe mgumu chini ya kidevu, ulimi kuinuka, mate kuchuruzika kwa kushindwa kumeza, sauti kubadilika, homa, na pumzi kuwa nzito. Mgonjwa wa namna hii hasubiri zamu ya kliniki ya meno asubuhi. Apelekwe usiku huo huo katika hospitali kubwa iliyo karibu, kwa kuwa njia yake ya hewa inaweza kuziba katika muda wa saa chache. Uvimbe usikandwe kwa maji ya moto, wala mtu asitegemee vidonge vya antibayotiki vilivyonunuliwa dukani. Usaha hauna budi kufunguliwa njia, na chanzo chake kiondolewe.

Wajibu wa shule

Maarifa haya hayatasaidia kitu yakianza kutafutwa siku ya ajali. Kila shule na ijue mapema ni hospitali ipi iliyo karibu yenye huduma ya meno, hufunguliwa saa ngapi, na baada ya saa hizo ni nani wa kuitwa. Namba ya simu na hatua tano zilizotajwa ziandikwe ukutani, karibu na sanduku la huduma ya kwanza. Siku ya michezo, pakiti moja ya maziwa iwemo katika vifaa vya timu, kando ya bandeji na filimbi. Isipotumika, na wainywe washindi.

Mwalimu wetu wa zamani hakukosa upendo wala bidii. Alikosa kuambiwa jambo moja tu, nalo ni kwamba kile alichokishika mkononi kilikuwa bado ki hai. Sasa msomaji ameambiwa. Naye asiliache jambo hili gazetini, bali alifikishe uwanjani.