Mabaki ya Mbao: Malighafi Rahisi, Kazi Yenye Thamani

Katika karakana za useremala za Pwani yetu haikosekani pembe moja yenye rundo la vipande vya mbao, vilivyobaki baada ya fundi kukata kitanda, kabati au fremu ya mlango. Vingi ni vya saiprasi au mwembe. Mara mojamoja hupatikana kipande cha mvule au cha mbambakofi, ule mti mgumu unaosifika kwa milango ya nakshi. Aghalabu vipande hivyo huishia jikoni kama kuni.

Juma hili tungependa kuzungumza na familia zetu, hasa akina mama na vijana waliomaliza masomo bila ya kupata ajira, juu ya riziki iliyomo katika rundo hilo. Useremala ni kazi yenye heshima. Mtume wetu (S.A.W.) ametufahamisha kwamba Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala, basi asione haya mwenye kushika msumeno, awe mwanamume au mwanamke.

Jambo la kwanza ni idhini. Rundo lina mwenyewe, hata likionekana limetupwa. Mwendee fundi, umweleze unachokitaka, mkubaliane bei ya gunia au akupe kwa ridhaa yake. Mapatano ya wazi hukinga ugomvi wa baadaye, pale fundi atakapoona taka zake zimegeuka bidhaa.

Jambo la pili ni kuchagua. Ubao mbichi hupinda na kupasuka ukikauka, kwa hivyo chukua uliokauka, au uuanike kivulini kwa muda. Ubao wenye rangi ya zamani uepukwe, kwani baadhi ya rangi hizo zina risasi, ambayo ni sumu. Ubao wenye weusi wa kijani uliotiwa dawa ya kuzuia mchwa usitumiwe kwa vyombo vya chakula, wala usichomwe jikoni, kwa sababu moshi wake una madhara.

Kwa wakazi wa Mombasa kuna pia paleti, yaani vile vitanda vya mbao vinavyowekewa shehena bandarini. Paleti za safari za kimataifa hupigwa muhuri. Herufi HT humaanisha kwamba mbao zilitiwa joto ili kuua wadudu. Herufi MB humaanisha kwamba zilifukizwa gesi ya sumu iitwayo methili bromidi. Yenye MB iache kabisa. Hata yenye HT iangalie vyema, kwani huenda imemwagikiwa na mafuta au kemikali njiani. Ikiwa na madoa au harufu, usiitumie.

Vifaa vya kuanzia si vingi: msumeno wa mkono, nyundo, randa ndogo, futi ya kupimia, penseli na karatasi za msasa. Anza na msasa mkavu wa namba 80, umalizie na laini wa namba 180. Funika pua na mdomo unapopiga msasa, na watoto wakae mbali, kwani vumbi la mbao hudhuru kifua.

Kitu chepesi zaidi kwa anayejifunza ni kibao cha kukatia mboga: ubao mmoja mgumu usio na ufa, uliolainishwa na kupakwa mafuta ya nazi. Baada yake ni kibago cha kukalia jikoni: ubao wa juu wa inchi 10 kwa 14, miguu miwili ya mbao pana yenye kimo cha inchi 8, na kipande cha kuiunganisha miguu hiyo katikati. Bila ya kipande hicho kibago huyumba, na mnunuzi harudi tena.

Mkono ukizoea, ingia katika marufaa ya kuwekea msahafu. Chukua mbao mbili zilizo sawa. Kila mmoja ukate mwanya kutoka ukingoni hadi katikati ya upana wake, huu kutoka kulia na ule kutoka kushoto, kisha uzipachike zikingamane. Mwanya uzidi unene wa ubao kidogo, ili mbao zipate kulala upande. Hakuna msumari wala bawaba, na marufaa hukunjuliwa na kuhifadhiwa kwa urahisi. Ni bidhaa itafutwayo zaidi Ramadhani inapokaribia, basi itengenezwe mapema.

Sasa tufike penye kiini cha maneno yetu, nacho ni bei. Biashara nyingi za nyumbani hufa ilhali wateja wapo, kwa kuwa muuzaji hujiambia kwamba mbao alizipata kwa bei ndogo, na kwa hivyo auze rahisi. Tuchukue mfano. Tuseme kibago kimoja kimekula mbao za shilingi 100, misumari na msasa wa shilingi 80, mafuta ya shilingi 40, na nauli ya shilingi 60. Jumla ni shilingi 280. Ukikiuza kwa shilingi 350 utaona faida ya 70, nawe umekitengeneza kwa saa tatu. Ukihesabu kila saa kwa shilingi 100 tu, gharama halisi ni shilingi 580, na kila kibago unachouza kinakula nguvu zako.

Matokeo yake tunayajua. Mama huchoka, nyumba haioni mabadiliko, watu humwambia kazi yake haina baraka, naye huacha. Kumbe kilichokosekana ni hesabu. Kuwe na daftari, hata la kurasa chache, liandikwe kila kilichonunuliwa na kila saa iliyotumika. Ikiwa soko halikubali bei ya haki, tengeneza vibago vitano kwa pamoja, ukate vyote, kisha upige msasa vyote. Muda wa kila kimoja hupungua. Isipowezekana, badilisha bidhaa.

Bei ya haki ina haki ya mnunuzi ndani yake. Ubao wenye fundo lililolegea au ufa mdogo usifichwe kwa gundi na vanishi. Muuzaji Muislamu ana wajibu wa kuitaja kasoro kabla ya kupokea fedha. Kibao kilichotoka kwenye mabaki kiitwe cha mabaki. Mnunuzi aliyeambiwa ukweli ndiye atakayemleta jirani yake.

Anza na gunia moja na bidhaa moja, upeleke kwa majirani na kwa duka la vyombo lililo karibu, na usikilize wanachosema kabla ya kununua gunia la pili. Mwenyezi Mungu (S.W.) azitilie baraka kazi za mikono yetu. Amin.