Rekodi za Lenzi, Kutoka Lafey Hadi Greenland

Mzee wa miaka 80 pale Lafey, kaunti ya Mandera, anatembea na protini alizoundiwa akiwa bado tumboni mwa mama yake. Ziko katikati ya lenzi ya jicho na huitwa kristalini. Damu na ngozi yake zimejifanya upya mara nyingi; hizo hazijabadilishwa hata moja. Ni miongoni mwa protini kongwe kabisa mwilini. Kwa kupima kaboni iliyo kwenye lenzi kama hiyo, mwaka 2016 watafiti walimkadiria papa mmoja wa Greenland kuwa na miaka 392, pengine 272 tu, na hata hivyo akawa mnyama wa uti wa mgongo anayeishi muda mrefu kuliko wote wanaojulikana.

Lenzi ina rekodi nyingine: takriban theluthi ya uzito wake ni protini, wingi usiopatikana katika tishu nyingine yoyote. Wingi huo ndio unaopinda mwanga. Ili mwanga upite, seli zake nyingi hutupa viini vyao, na mishipa ya damu haimo kabisa. Uangavu huo una gharama, maana seli isiyo na kiini haiwezi kuunda protini mpya. Glutathioni huzikinga kristalini zisiharibiwe na oksijeni, na alfa-kristalini huzidaka zilizolegea zisigandane. Umri ukisonga, kinga hizo hupungua, protini hushikana, mwanga hutawanyika: huo ndio mtoto wa jicho. Kisukari huharakisha hayo, kwa kuwa sukari hugeuka sorbitoli inayovuta maji ndani ya lenzi. Tumbaku pia, na miale ya jua. Na mfugaji wa Lafey, karibu na ikweta, hupigwa na miale hiyo tangu utotoni.

Duniani, hakuna kinachopofusha watu wengi kuliko mtoto wa jicho. Upasuaji wake ni miongoni mwa upasuaji wa kale zaidi: lenzi ilisukumwa kwa sindano hadi sehemu ya nyuma ndani ya jicho. Mbinu hiyo ingefaa ibaki makumbusho, lakini wapo wanaoiendeleza Afrika hadi leo, na wengi wa wagonjwa wao hupofuka. Lenzi ya bandia ya kwanza iliwekwa ndani ya jicho na Harold Ridley, London, tarehe 29 Novemba 1949. Siku hizi kutoa lenzi yenye ukungu na kuweka ya bandia huchukua chini ya nusu saa.

Hakuna dawa ya matone inayoyeyusha mtoto wa jicho. Mwenye mzazi anayeona ukungu asinunue matone wala asikubali sindano ya mtaani. Aulize hospitali ya kaunti kambi ya upasuaji wa macho inakuja lini.